Mtani Haombi Radhi

Ujumbe uliingia mchana napepeta mchele. Ulikuwa wa Kiingereza, nikauacha kwanza. Nikamaliza ungo wangu, nikaswali adhuhuri, ndipo nikakaa kwenye kibao cha jikoni kuusoma. Kiingereza changu ni cha madarasa ya jioni. Nilianza kidato cha kwanza mtoto wangu mkubwa akiwa keshamaliza darasa la saba, kwa hiyo nikisoma huwa nafuata kwa kidole, sina haraka. Ujumbe ulitoka kwa watu wa ule mradi wa simu. Ulianza na jina langu, halafu swali ambalo sikuhitaji kamusi: uko salama?

Nikafurahi. Nilidhani wamejifunza kusalimia. Huku kwetu Tabora mtu haanzi na shida, anakuuliza salama, unasema salama, mengine yanafuata. Nikajibu salama, namshukuru Mungu, habari za huko. Chini yake waliuliza habari za mchoraji wa Kisarawe, kama namwogopa, kama amewahi kunitishia. Hapo nikacheka peke yangu mpaka mchele ukamwagika kidogo. Nikaandika kwa Kiingereza changu hichohicho kwamba huyo wasiwe na wasiwasi naye, huyo ni mtumwa wangu, nimeshamzika zaidi ya mara moja.

Kabla ya alasiri mimi na yeye wote tulikuwa tumefungiwa akaunti.

Niseme mradi wenyewe ni nini. Kuna watu wametawanyika dunia nzima wanatengeneza mfumo wa simu ambao si mali ya kampuni. Maandishi yake yako wazi, anayetaka anasoma, anayeweza anarekebisha, ndiyo maana wanaita programu huria. Simu ya zamani ambayo walioiunda wameshaitupa mkono, unaifuta, unaipa mfumo huo, inafufuka. Mwalimu wangu wa Kiingereza wa jioni alikuwa na simu ya namna hiyo. Siku moja ikalia kengele katikati ya kipindi, king'ora kama gari la wagonjwa linaingia hospitali ya Kitete, mama mmoja kule nyuma akashika kifua. Mwalimu akaizima, akatuambia milio ya simu hii imetolewa na watu wa kujitolea, na asiyeipenda alete ya kwake.

Nikamwambia mimi sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Akasema hawakuombi mstari, wanakuomba sauti. Kuna aliyechora kile kialama cha saa, kuna aliyepiga picha inayokaa nyuma ya kioo, kuna aliyekaa akafikiria maneno ya kumwambia mtu chaji inakwisha bila kumtia hofu. Wengi wao programu hawaijui kama wewe. Wewe si unafundisha wasichana kasida madrasa? Basi masikio unayo.

Nikaanza hivyo. Nilirekodi mchi kwenye kinu, lakini si wa mtu mmoja. Nilimwita jirani yangu tukatwanga kwa kupokezana, maana michi miwili ina mwendo wake, huwezi kuuiga mezani kwa vidole. Nikarekodi makofi ya wasichana wangu. Nikarekodi maji yakimiminwa mtungini, yale ya mwisho yanavyobadilika sauti mtungi ukikaribia kujaa, nikasema hii iwe ya kuonyesha simu imejaa chaji. Mtu mmoja wa mradi akaniomba adhana iwe mlio wa simu. Nikakataa. Simu watu wanaingia nayo chooni, na mwingine anaikata katikati ya jina la Mwenyezi Mungu ili apokee habari za mkopo. Wakaelewa, hawakuniuliza tena.

Kila unachotoa lazima kipitishwe na mtu anayejua lugha na mahali. Kwa Kiswahili alikuwa mmoja tu, yule wa Kisarawe. Na yeye si mtu wa programu. Ni mchora mabango, anapaka kuta za maduka, anaandika "Hapa chips" na kuchora kuku. Kwenye simu amechora vialama vyote vinavyotokea ukichagua Kiswahili, na maneno mengi ni yake. Mara ya kwanza aliandika chini ya sauti yangu kwamba kinu ni kizuri ila mtwangaji anaonekana hajala. Akaniuliza ni mtu wa wapi. Nikasema Tabora. Akauliza Mnyamwezi? Nikasema baba yangu, ndiyo, wa Itetemia hapa. Akaandika: mimi Mzaramo.

Basi, mambo yakawa yameisha kuelezwa. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, tangu enzi za safari za miguu kwenda Pwani. Kesho yake akaandika kwamba amesikia Tabora kuna msiba, marehemu ni mimi, na yuko njiani kuja kuchukua masufuria. Nikamjibu aje, lakini ngoma aiache kwao, huku watu wanaamka kufanya kazi. Ikawa ndiyo namna yetu ya kufanya kazi. Alikuwa mkali, hapitishi kitu kwa huruma. Akikataa sauti yangu anaikataa kwa matusi, nikimsahihishia neno namsahihishia kwa matusi, na kazi inakwenda. Akiridhika anaandika: mtumwa wangu ameleta nyingine, iko sawa, ipite.

Yote hayo tuliyaandika palepale kwenye ukurasa wa mradi, wazi, chini ya kila sauti. Hatukufikiria kwamba kuna watu wengine wanasoma. Mtu mmoja wa nchi ya mbali, mwema tu wala simlaumu, alipita na mashine yake ya kutafsiri akakuta mwanamume anamwita mwanamke mtumwa, anamwambia amekufa, na anakuja nyumbani kwake kubeba vyombo. Akapeleka kwenye kamati ya nidhamu. Kamati ikaniuliza kama niko salama, na mimi nikawajibu vile nilivyowajibu.

Mzaramo alinipigia jioni hiyo. Tulikuwa hatujawahi kusikizana sauti. Nilitegemea aanze na tusi, nikajiandaa na la kwangu. Akasema, "Habari za jioni, dada."

Hapo ndipo nilipoogopa.

Akanieleza taratibu. Toleo jipya linafungwa Ijumaa, jua likizama kwa saa za huku kwetu. Kiswahili kisipokuwa na mtu wa kukipitisha hakiingii. Na yeye akifukuzwa kwa kosa la kumtukana mtu, hawamrudishi tena, ndiyo kanuni yao na kanuni ni nzuri, kuna watu wabaya kweli kwenye mitandao. Alisema amechora kuta nyingi maishani, zote mvua inazifuta au mwenye duka anahama. Hii ya simu ndiyo pekee ambayo mtu asiyemjua, mahali asipopajua, anaibonyeza kila siku. Halafu akaniuliza niliwajibu nini walipouliza.

Nikamwambia.

"Mnyamwezi wewe," akasema, "safari hii umenizika kweli."

Sikulala vizuri. Asubuhi kukawa na ujumbe mwingine: kamati itazungumza na mimi Alhamisi kwa simu ya picha, peke yangu bila yeye, na ninaruhusiwa kuja na mtu wa kunitafsiria. Wataniuliza mambo mawili, maneno yale yana maana gani, na kama yaliniumiza.

Mume wangu yuko reli, siku hizo walikuwa wanafanya kazi upande wa Tura, na mtandao wa huko unakuja na kwenda. Nilimpata kwa vipande vipande. Yeye hakuona ugumu. Alisema waambie ni mzaha na wala haukuniuma, basi, mtu wa watu aendelee na kazi yake. Nikamwambia la kwanza ni kweli, la pili silo. Akasema, "Mama, uongo wa kupatanisha watu hata dini imeulegezea kamba." Hilo nalijua, nimelifundisha mwenyewe madrasa. Lakini mimi na Mzaramo hatukugombana. Sasa ningekuwa nampatanisha nani na nani? Mtandao ukakatika kabla sijapata jibu.

Alhamisi baada ya alasiri nilikwenda kwa mwalimu, ndiye niliyemwomba anitafsirie. Anakaa mjini, nyuma ya duka la familia yao, duka la mchele na asali ambalo lilianza na babu wa babu yake. Watu wao asili yao Oman, wamekaa Tabora hii miaka na miaka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha ndani kwenye chumba chenye mtandao mzuri. Alikuwa ameshasoma ule ukurasa wote wa matusi yetu. Aliniambia ya msiba na masufuria aliyacheka mpaka akajiinamia. Kisha akaweka miwani yake mezani.

"Mdogo wangu, hili la mtumwa mimi nitasema mtumishi."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mtumishi kwa Kiingereza ni neno la kawaida, hata kanisani wanalitumia, hakuna atakayestuka, kijana wa watu atapona. Nikamwambia lakini hakusema mtumishi. Akasema anajua alichosema. Akaangalia mlango wa dukani, akashusha sauti.

"Neno lile, kwenye mdomo wangu mimi, mtu wa nyumba hii, nikikusema wewe. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Mwalimu anaijua habari ya bibi yangu, mjini hapa watu wanajuana. Bibi mzaa mama alilelewa kwenye nyumba moja ya Waarabu, si ya kina mwalimu, nyingine. Kabila lake hakuna aliyelijua. Tukimuuliza alitoka wapi alikuwa anajibu, "Nimetoka njiani," halafu anaomba aletewe maji. Mara moja tu nimewahi kusikia neno lile likisemwa kwa ubaya. Ilikuwa bombani, wanawake wamegombania zamu, mmoja akamwambia mama yangu kwamba mtoto wa mtumwa hapangi foleni. Mama aliacha ndoo palepale ikiwa imejaa nusu, tukarudi nyumbani, na hakwenda tena bomba lile mpaka anaondoka duniani. Nilikuwa nimeshika nguo yake. Kwa hiyo Mzaramo alipoliandika mara ya kwanza chini ya sauti ya kinu changu, niliiweka simu kifudifudi, nikaenda kufua. Nilifua hata nguo ambazo hazikuwa chafu. Niliporudi nikamjibu kwamba mtumwa ni yeye, na tangu hapo likawa letu.

Nikamwambia mwalimu, wale neno wanalo tayari, mashine imeshawapa. Tukilibadilisha watajua tunaficha, na Mungu anajua kabla yao. Kama linakushinda kulitamka nitalitamka mwenyewe na Kiingereza changu, wewe utasema mengine.

Akavaa miwani. "Hapana," akasema. "Nimekubali kutafsiri, nitatafsiri."

Simu ikaita. Walitokea watatu kwenye kioo, lakini aliyesema alikuwa mmoja, mama wa makamo mwenye nywele fupi, ndiye mwenyekiti. Alikuwa mpole. Alinishukuru kwa milio yangu, akasema ule wa maji yeye anautumia. Hilo lilinipa taabu zaidi, maana mtu mkali unajua namna ya kumkabili. Akasema hawamtafuti mtu wa kumwadhibu, wanataka kila anayetoa kazi yake atoe bila hofu, hasa wanawake. Akaniuliza maneno yale yana maana gani.

Niliongea nikiangalia mezani. Nikasema baba wa babu yangu alikwenda Pwani kwa miguu, mzigo kichwani, kama walivyokwenda Wanyamwezi wengi. Wenzake walikufa njiani, na wengine walifia kulekule mwisho wa safari, hawana ndugu hata mmoja wa kuwaosha. Waliowazika ni Wazaramo. Na Mzaramo aliyefia huku tulimzika sisi. Sasa mtu aliyekuzika ana haki kwako. Anaweza kuja msibani kwako akachekesha watu, akachukua chungu, akakutukana, na huna ruhusa ya kununa. Na wewe unayo haki hiyohiyo kwake. Aliposema nimekufa alikuwa anasema yuko tayari kunizika.

Mwalimu alitafsiri vizuri, nilikuwa nafuata. Wale wawili waliokuwa kimya waliandika. Mwenyekiti akauliza, na hilo neno jingine?

Nikasema sijui nani alilianzisha. Njia ile walipita wapagazi na walipita watumwa, na mtu aliyeondoka kwao asubuhi mpagazi, huenda jioni alikuwa mtumwa. Pengine ndiyo maana. Ninachojua ni kwamba yeye ananiita hivyo, na mimi namwita hivyohivyo, na kati yetu hakuna bwana.

Mwalimu alianza, akafika kwenye neno, akasimama. Akachukua glasi akanywa maji. Kisha akalisema lilivyo, kwa sauti ya kawaida, akaendelea mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa juu ya meza na mimi niliuangalia ule mkono, sikuweza kumwangalia usoni.

Mwenyekiti akasema anashukuru, amejifunza, lakini bado analo swali moja na anaomba nijibu kwa nafsi yangu, si kwa ajili ya kumsaidia mtu. Je, liliniumiza?

Hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Mwalimu alinigeukia. Macho yake yalisema neno moja, hapana, sema hapana, tumalize.

Nikasema, "Ndiyo."

Mwalimu akaendelea kuniangalia mimi, si kioo.

"Tafsiri, mwalimu. Mwambie liliniuma mara ya kwanza, na sababu ni ya bibi yangu, si ya Mzaramo. Mwambie utani usiouma hata kidogo si utani, ni maongezi ya dukani. Kama ungekuwa haugusi popote, asingekuwa mtani wangu, angekuwa mtu tu."

Akatafsiri. Simu ilipokatwa, tulimsikia mtu dukani anaulizia bei ya mchele wa Igunga. Mwalimu akasema ile "ndiyo" yangu itamponza yule mchoraji. Nikasema huenda. Akasema pia kwamba nyumbani kwao neno lile hawalitamki kabisa, hata kwenye hadithi, na yeye leo ni mara yake ya kwanza. Akaniletea asali kwenye chupa nikaondoka.

Jibu lilikuja Ijumaa asubuhi. Wameelewa utani ni nini, akaunti yangu wameifungua, na yeye hawamfukuzi. Maneno yote ya matusi yataondolewa ukurasani, na tangu sasa hapo ni mahali pa kazi tu. Lakini kwa kuwa mimi mwenyewe nimekiri niliumia, kanuni inataka aandike radhi, kwa jina lake, aitume kamati waibandike hadharani. Akiandika kabla ya kufunga, akaunti inafunguliwa na Kiswahili kinaingia. Asipoandika, haifunguliwi.

Nilisoma ule mstari wa "mimi mwenyewe nimekiri" mara nyingi. Nilimpigia baada ya swala ya Ijumaa. Alikuwa ametoka msikitini, nilisikia watu wanaagana nyuma yake. Alikuwa ameshausoma.

"Siandiki," akasema.

Nikamwambia ni maneno machache tu. Akasema anajua ni machache. Akasema angekuwa amenikosea angekuja Tabora kwa miguu kuniomba radhi, lakini yeye hakunikosea, alinitania, na mtani haombi radhi.

"Nikikuomba radhi leo, wewe siku ukifa mimi nitakuja msibani kama nani? Nikae kwenye mkeka na wageni, nishike tama, nile wali wenu kwa adabu? Bora wanifukuze."

Alikuwa anasema kweli. Mtani akishakuomba radhi amekuwa jirani mwema, na majirani wema ninao. Wakati huohuo niliona vile vialama vyake vya kuku na saa na barua vinaachwa nje ya toleo, na watu wanabonyeza vitu vya mtu mwingine asiyejua hata jembe letu linafananaje. Na yote kwa sababu nilisema ndiyo pale ambapo ningeweza kusema hapana. Sikujuta, nisiseme uongo hapa.

Nikamwambia, "Mzaramo, sikuombi useme ambalo huwezi kulisema. Andika unaloliweza. Utakaloandika, mimi nitalipokea lilivyo."

Akakata simu bila kuaga.

Nilibandika maharage. Nilikwenda kuchungulia simu, nikarudi, maharage yakakauka maji, nikaongeza. Alasiri ikaingia nikaswali, nikakaa kwenye msala muda mrefu kuliko kawaida. Nilimwombea kwa kabila lake na kwa kazi yake, sikujua niombe lipi litokee, nikamwachia Mungu achague. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea kwenye paa la jirani ndipo simu ikatoa sauti.

Alikuwa ameandika, kwa Kiswahili, kwa jina lake kamili:

"Kwa mwenzangu wa Tabora. Nimesikia kwamba neno langu lilikuuma. Nami haikunipendeza kukuumiza pale palipokuwa na kidonda, maana sikujua kama kipo. Nakuombea kila la heri katika safari yako. Mzigo wako ukae sawasawa kichwani, usikuchoshe, mpaka ufike Pwani, na sisi tutakuwa mlangoni tukikusubiri."

Nilisoma mara ya kwanza macho yakaloa. Mara ya pili nikafika kwenye mzigo, nikasoma tena. Mzigo wako ukae sawasawa kichwani. Amenifanya mpagazi tena. Nikashika mdomo kwa upande wa kanga.

Mwalimu akapiga hapohapo. Kamati haikutaka tena kuiamini mashine, ilikuwa imemtumia yeye aitafsiri. Alikuwa anacheka kwa pumzi, hawezi kumaliza sentensi. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia afanye kama jana. Akanisomea alivyoandika, neno kwa neno, mzigo na kichwa na Pwani, hakuongeza wala hakupunguza. Kamati ilikuwa imeshamjibu: ni maneno mazuri sana, yamewagusa. Wanachosubiri ni mimi tu, kama nimeipokea.

Hapo ndipo nilipokwama na kidole juu ya simu. Radhi ilikuwemo, ya kweli, ile ya kidonda, hata mtoto angeiona. Na utani ulikuwemo, umekaa katikati kama mfupa ndani ya nyama. Nikisema tu nimepokea, nitakuwa nimepokea nusu na kuficha nusu, na mimi nilikuwa nimemlazimisha mwalimu anywe maji kwa ajili ya neno moja. Nikiwaambia, jua ndiyo hilo, huenda wakaifunga akaunti moja kwa moja.

Nikaandika Kiingereza changu mwenyewe, sikumpa mwalimu atafsiri. Nikasema nimeipokea radhi yake yote. Nikasema ndani yake mna utani mmoja, huo pia nimeupokea, na haukuniuma. Nikatuma.

Jirani alipita na kuni akanisalimia, sijui nilimwitikia nini. Mwalimu alikuwa bado yuko kwenye simu, tunasikilizana pumzi. Jua likagusa ncha ya mwembe wa jirani.

Mwenyekiti aliandika mstari mmoja tu. Aliuliza: ni ule wa mzigo?

Nikajibu, ndiyo.

Hakuandika tena. Lakini ukurasa ukabadilika rangi, na jina la Mzaramo, ambalo tangu siku ile lilikuwa la kijivu, likarudi jeusi. Hakuna hata salamu aliyotoa. Alianza kazi papo hapo. Sauti zilizokuwa zimekwama zikaanza kupita, ya makofi imepita, maneno ya chaji yamepita, moja baada ya nyingine, kila moja na neno "Imepitishwa," kavu, la kiofisi, kama walivyotaka. Mwalimu anazisoma kwa sauti upande wake, mimi nazisoma upande wangu.

Akafika kwenye ile mpya ya kinu, niliyoitoa wiki ile ili ichukue nafasi ya king'ora. Akakaa nayo. Kisha akaandika: "Haijapitishwa. Kuna mbuzi anasikika nyuma. Irudiwe kabla ya kufunga."

Nikasema, mwalimu, nakata simu. Nikamwita jirani yangu aje na mchi wake upesi, na mimi nikatoka uani kumfukuza yule mbuzi.